Halima na Sikio Langu la Kushoto

Garissa, Alhamisi, Aprili 1951

Joto la leo halisemeki. Vumbi limejaa dukani tangu asubuhi. Nimepangusa cherehani mara nne, kisha nikaikasirikia kana kwamba ndiyo iliyolileta.

Lakini si joto lililonitibua. Leo ni siku ya tatu mke wangu Halima hamwimbii mtoto.

Kosa ni langu. Tangu nipone homa, na kwinini yote ile niliyomeza, sauti moja naisikia mara mbili. Kwa sikio la kulia huingia kama ilivyo, kwa la kushoto hupanda juu kidogo. Maneno ya kawaida hayanisumbui sana. Balaa ni wimbo. Jumatatu alipoanza kumbembeleza mtoto, nilisikia wanawake wawili, mmoja akimharibia mwenzake. Nikakunja uso, nikatoka nje bila kusema kitu. Mwanamume mzima, naogopa kuambiwa nimepata wazimu.

Mchana alikuja mzee mmoja mfugaji, ukanda wa kengele ya mbuzi wake umekatika, anataka nimshonee. Nilipomaliza nikaigonga ile kengele. Nikaziba sikio la kushoto: sauti nene. Nikaziba la kulia: kengele ile ile, sauti nyembamba. Nikarudia, ikawa vivyo hivyo. Mzee akaniuliza kama nataka kuinunua.

Basi si wazimu. Ni sikio.

Nikafunga duka kabla ya alasiri, nikaenda nyumbani kumweleza Halima yote.

"Wallahi, Baba Yusuf, nilidhani umechoka na sauti yangu," akasema. "Kumbe ni sikio lako."

Kisha akanuna, na ana haki. Siku tatu nimemwacha na mawazo hayo kifuani, naye ndiye aliyenipa maji kwa kijiko nilipokuwa siwezi kuinuka. Nimeona haya sana. Nilimwomba radhi, akamaliza kukunja nguo zote za mtoto ndipo akanijibu.

Magharibi ilipopita akampakata Yusuf. Nikatia pamba sikio la kushoto, akaanza kuimba polepole, jicho lake likiuchunga uso wangu. Ilikuwa sauti moja, ile niliyoipenda kabla hatujaoana. Nilitokwa na machozi, sifichi.

Lakini sikio huenda lisipone, na siwezi kuishi na pamba. Katikati ya wimbo nikaitoa. Wakaja wawili, hawapatani hata kidogo, wote wakimwita mwanangu kwa jina.

Sikukunja uso. Yule wa pili naye nikampenda.