Kompyuta Imewafuta Wazee wa Njaa ya Mtunya

Babu wa Majengo, shikamoo. Nisaidie kabla sijaacha kazi, maana nimelia hadi wenzangu ofisini wameacha kuniuliza. Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya vitambulisho vya wazee kutibiwa bure, na kazi hii niliipenda kuliko chakula, nikaamini foleni zitakwisha, kumbe kule Kongwa makarani wakiwauliza wazee tarehe ya kuzaliwa wanajibiwa, "Nilizaliwa njaa ya Mtunya," ile ya baada ya vita vya Mjerumani, na programu yangu haijui njaa, inataka tarehe, basi makarani wakawajazia wote Januari mosi 1919, na akina Matonya kule ni wengi, kompyuta ikaona jina moja, tarehe moja, ikadhani ni mtu mmoja anajirudia, ikawafuta akabaki mmoja, naye alishatibiwa. Juzi mzee Matonya mwingine, mguu umeoza, kaambiwa dirishani hospitali, "Babu, wewe ulishatibiwa." Akacheka, "Lini, mjukuu wangu? Mbona mguu haujapata habari?" Wakamrudisha nyumbani. Bosi wangu, Bwana Respicius, anasema ninyamaze mpaka wakubwa waje kuzindua, nikigusa kitu ananifukuza. Babu, kila nikifumba macho nauona ule mguu. Bora niondoke?

Edina, Area D

Marahaba, Edina, na pole. Sasa futa kamasi tuongee. Mimi niliishia darasa la tatu, mwalimu alinichoka kabla sijamchoka, lakini hata mimi najua mzee wa Kigogo haulizwi tarehe, anaulizwa njaa. Wewe ulikaa chini ya feni ukawatengenezea watu dirisha bila kuwaona sura. Bibi yako naye hukumuuliza alizaliwa lini? Hapo umekosa, sikupambi.

Halafu unataka kukimbia! Ukiondoka, nani atajua wamefutwaje? Respicius? Huyo anawaza mkasi wa kukatia utepe.

Leo hii zima hicho kinachofuta watu, uwarudishe wote. Weka nafasi ya kuandika njaa, kijiji na jina la mama. Kesho panda basi la Kongwa, umchukue mzee Matonya, ukagombane pale dirishani mpaka atibiwe. Sikudanganyi, binti yangu, mguu uliooza haungoji basi. Huenda ukakuta matanga. Ukiyakuta, kaa chini na wafiwa, uwaambie ni kazi ya mikono yako, usiisingizie mashine.

Respicius akikufukuza, akufukuze wazee wameshatibiwa.