Picha Iliyobaki Rumonge

Mjukuu wangu Aline,

Amahoro. Bibi yako iko muzima, mawese ya mwaka huu yametoka vizuri, na mimi ni magoti tu yananisumbua. Sasa hii ni mara ya tatu unaniuliza kwa nini wateja hawaoni picha kwenye michoro ya nyumba unayowatumia, wakati kwenye kompyuta yako inaonekana. Wataionaje, wakati umeiacha kwako?

Wakati wa vita nilikuwa muchoraji wa mradi wa maji hapa Rumonge. Nilichora kwenye kompyuta bomba la kwenda Minago, juu ya picha ya mlima, nikatuma disketi Bujumbura ili mkubwa wetu asaini. Akajibu, "Hakuna picha." Barabara ilipofunguliwa nikatuma tena. "Hakuna picha." Nikasema watu wa Bujumbura hawana macho, na akina mama wa Minago wakaendelea kuchota maji ya ziwa.

Mwishowe nikapanda basi mwenyewe. Kwenye kompyuta yake nikakuta fremu tupu, ndani yake pameandikwa mahali picha ilipo: kwenye mashine yangu, Rumonge. Matusi yangu yote ya wiki tatu niliyameza pale pale, mbele ya sekreteri.

Mchoro ulibeba anwani ya picha tu, si picha yenyewe. Kwa hiyo ingiza picha ndani ya mchoro wenyewe, halafu uufungue kwenye mashine ya mtu mwingine kabla ya kulalamika.

Na ule mchoro wa nyumba yako uliotutumia, wenye picha ya mutoto wako mlangoni: bibi yako alivaa miwani, akaiangalia ile fremu tupu kwa muda mrefu, akasema mutoto ni mzuri.

Babu yako