Chupa ya Mkojo wa Mama

Jumatatu, 3 Julai 1961
Nimempiga Mama sindano yake ya kisukari, nimepanda baskeli, nimeuza vitana na nyembe mpaka Mishomoroni. Kitana kimoja nimemuuzia mwenye upara. Nimemwambia ni akiba. Kacheka, kanunua.
Jioni miguu ya Mama imevimba tena. Sijacheka.

Jumatano, 5 Julai
Daktari wa Mama hospitali anafanya utafiti. Ataka kujua kisukari chaharibu figo vipi, na kama chaweza kuzuiwa mapema. Kanipa chupa kubwa: Mama atie mkojo wote wa kutwa na usiku wake. Utachemshwa. Ukifanya wingu, figo zavuja, na Mama ataandikwa kwenye wagonjwa wake wa utafiti. Chumvi marufuku, sindano yapimwa upya, kila wiki hospitali. Ukiwa safi, ataandikwa mzima, basi.

Ijumaa, 7 Julai
Chupa imejaa mpaka shingoni. Nimeifunga kwenye baskeli. Mteja kauliza, mafuta gani hayo? Nimemwambia hayauzwi, yana mwenyewe.
Daktari kauchemsha. Safi! Nimeruka kama mbuzi.

Jumapili, 9 Julai
Miguu ileile. Nimemuuliza Mama habari za chupa. Kanambia bila wasiwasi: "Ilikuwa nusu, mwanangu. Mtu akupe chombo chake umrudishie nusu? Nimejazia maji."
Mama huyu! Bakuli la jirani halirudishi tupu, sasa na chupa ya daktari. Nimecheka, kisha nimeogopa. Jina lake liko kwa wazima.

Jumatatu, 10 Julai
Sikuuza kitu. Nimemweleza daktari yote. Nilidhani atanifukuza. Kaweka kalamu chini. "Wangapi wengine wamenijazia?" Kafuta jina, kanipa chupa nyingine.
Mama kakataa. Aibu, kasema. Nimemwambia: "Ukitia maji tena, wallahi naunywa mimi." Kanipiga bega, mbavu hana kwa kucheka. Kakubali.

Alhamisi, 13 Julai
Wingu. Zito kama tui. Nililitaka, nimelipata, na limenichoma.
Daktari kasema dawa ya kuponya figo haijapatikana, lakini twaweza kuzichelewesha zisife. Basi tuchelewe. Chumvi yote nimeitoa nyumbani. Nitakula chapwa naye.

Jumapili, 16 Julai
Samaki bila chumvi. Mama kaonja. "Hiki chakula au adhabu?" Nimemwambia vyote viwili. Kala wote.
Kisha nimembonyeza mguu kwa kidole kupima uvimbe, kama daktari alivyonionyesha. Shimo limekaa. Nimelitazama mpaka likapotea. Mama keshalala.
Kesho nitabonyeza tena.