Saini Yangu kwenye Daraja la Pili

Zuberi, mtani wangu,

Sikuulizi hali. Yako naijua, na yangu ungeicheka.

Duka lipo palepale, nyuma ya wauza vitenge, na mlango bado unabana. Mtaa wameuchimba tena, safari hii ule upande uliokuwa umebaki mzima, kwa hiyo wageni wetu wanapotea kabla hata hawajakabidhiwa baiskeli. Jana mmoja kazunguka Kariakoo saa nzima akitafuta duka. Alipofika nikamwambia hayo ndiyo mazoezi. Akacheka. Wageni wanacheka kirahisi, hujawahi kuligundua hilo? Wewe ulikuwa na kazi nyingine, ulikuwa unawapima urefu wa miguu ili uwapandishie kiti.

Watu bado wananiuliza tunafanya biashara gani, na bado nashindwa kueleza. Mgeni anataka kwenda Bagamoyo kwa siku tatu, kwa baiskeli au kwa miguu, bila kiongozi. Tunampa kijitabu chenye maelekezo, tunamsindikiza mpaka Mnazi Mmoja, tunampungia mkono. Yaani mtu analipa ili asisindikizwe. Jirani yetu wa vitenge alisema, "Hiyo kazi hata mimi naiweza, kumwacha mzungu aende zake." Tulicheka mimi na yeye. Wewe ulinuna siku nzima.

Kwako haikuwa mchezo. Ile ni njia ya misafara, ulisema, watu waliikanyaga wakiwa na mizigo kichwani, na wengine na minyororo shingoni, na huko mwisho, Kaole, kuna makaburi ambayo watu wa pwani wanakwenda kuyazuru mpaka leo. Anayeipita aipite taratibu. Kwenye kijitabu uliandika: "Ukimkuta mtu, msalimie kwanza, ndipo uulize njia." Nikakwambia mgeni hajui kusalimia. Ukasema basi apotee mpaka ajue.

Na mimi ulinisimanga kila siku ya Mungu. "Mnyamwezi gani wewe! Babu zako wamebeba pembe kutoka Tabora mpaka kwetu, wewe pampu ya baiskeli inakushinda." Nami nakujibu kwamba babu zangu wangefika mapema kama Wazaramo wasingekuwa wamekaa njiani kudai ushuru. Miaka kumi na minne ya matusi, hatujawahi kununiana kwa hilo. Huo ndio utani wetu, tuliukuta na tutauacha. Sikujua kwamba siku moja nitajificha ndani yake kama mwizi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Unaikumbuka ile karatasi yako ya ukaguzi. Kila masika yakiisha, mmoja wetu anaipita njia yote, anajaza: kisima, njia panda, daraja la kwanza, daraja la pili. Na chini kabisa, kwa mwandiko wako wa chuoni: "Nimepita mwenyewe." Jina. Saini. Nilikuuliza kwa nini hayo maneno, kwani tumekuwa serikali? Ukaniambia, "Mtu akiandika hivyo mkono unamsuta kama ni mwongo."

Mkono wangu haukunisuta, Zuberi. Uliandika vizuri kabisa.

Masika haya yaliyopita zamu ilikuwa yangu. Niliondoka dukani asubuhi na baiskeli na chupa ya maji, ukaniaga vizuri. Nikafika Mnazi Mmoja, nikakaa kivulini, nikaagiza mihogo na kachumbari. Goti lilikuwa linauma kidogo. Si sana. Nilitaka liume sana, lakini ukweli ni kidogo. Nikampigia bodaboda mmoja ninayemfahamu kule Mapinga, nikamuuliza habari za daraja la pili, kale kadaraja ka magogo. Akaniambia, "Panapitika tu, mzee, kwani mimi napita wapi?" Nikajaza. Daraja la pili: linapitika. Nimepita mwenyewe. Baadaye nikagundua yule jamaa hupita barabara kuu ya lami, na kale ka magogo hajawahi kukaona maishani mwake.

Niliporudi jioni ya pili ulinikuta nimejipaka matope kwenye viatu. Matope ya bombani hapo nyuma, mtani. Ukasema, "Leo Mnyamwezi kafanya kazi." Ukaninunulia soda.

Baada ya siku tisa wale dada wawili wa makamo, wageni wetu, wakapiga simu. Daraja hakuna, maji yamejaa, hawajui warudi au waende. Mimi nilikuwa nimeinama natia kiraka. Ningeweza kusema naenda. Nilisema, "Waambie warudi barabara kuu." Wewe ukasema hapana, tumewaandikia wenyewe kwamba linapitika, mtu haachwi kwenye neno letu. Ukapitia nyumbani Buguruni kunywa chai, ukapakia baiskeli juu ya gari la mizigo la jirani mpaka Mapinga, ukaingia porini. Uliwakuta. Ukawazungusha kwa juu kwenye mashamba ya minazi, umebeba baiskeli ya mmoja begani, umekokota ya kwako. Walifika Bagamoyo. Wewe ukakaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, ukaomba maji. Waliporudi na kikombe ulikuwa umeshaondoka, na mwili wako umekaa vilevile.

Wale dada wameandika mtandaoni kwamba safari yetu ni bora kuliko zote walizowahi kufanya, hasa yule mzee mpole anayetokea ghafla pale njia inapokuwa ngumu. Sasa wateja wapya wananiandikia kuuliza kama mzee wa ghafla yumo kwenye bei. Nimewajibu hayumo.

Siku ya mazishi nilikuja kama mtani, maana ndivyo ilivyo. Mtani wa marehemu haruhusiwi kulia, ana kazi. Nililala mlangoni maiti isitoke mpaka nilipwe ushuru. Niliomba suruali zako. Halafu, sijui nini kilinipata, nikasimama katikati ya watu wote nikapiga kelele: "Mimi ndiye niliyemuua! Nimemuua kwa kalamu, nikiwa nakula mihogo!"

Walicheka, Zuberi. Watu wazima waliokuwa wanafuta machozi walicheka. Shemeji yako mmoja akasema, "Huyu Mnyamwezi ni mwendawazimu, mmwagieni maji!" Wakanimwagia. Na nyuma ya pazia, kwa wanawake, nilimsikia Mama Asha, mkeo, akicheka kwa mara ya kwanza tangu maiti ifike.

Nikaona basi, nimeshasema. Nimesema mbele ya mashahidi mia. Kama hawakusikia, shauri yao. Ona ujanja huo. Miezi miwili nimelala nao vizuri tu.

Wiki mbili zilizopita, arobaini yako imeshapita siku nyingi, Mama Asha akaja dukani. Alikaa kwenye kile kigoda chako. Akaniambia, "Shemeji, kuna kitu kinanila. Ile siku nilipompa chai nilimwona anashika kifua. Nikataka kumwambia asiende, nikaogopa atanikemea mbele ya dereva. Nikanyamaza. Nimemuua mume wangu kwa kunyamaza." Alisema polepole, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo mara nyingi peke yake.

Pale ndipo pangenitosha kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Shemeji, Mzaramo hafi kwa chai, labda ingekosa sukari." Akatabasamu kidogo kwa adabu. Akajifunga mtandio wake, akaondoka na mzigo ambao ni wangu. Mjukuu wa wapagazi nimemtwisha mwanamke mzigo wangu, nikabaki nimekaa dukani.

Nimekuwa nikikukasirikia, nikuambie kweli. Kwa nini ulikwenda wewe? Kwa nini uliamini matope? Mtu aliyekagua minyororo ya baiskeli kwa kidole, pete kwa pete, hakuweza kunitazama usoni? Nilitaka iwe kosa lako. Nimejaribu pande zote, haiwi.

Juma lililopita niliipita njia yote kwa miguu. Kadaraja sijakaandika, hakapo. Nimeandika mzunguko wako wa kwenye minazi, mti kwa mti, kwa kuwauliza watu waliokuona. Niliwasalimia kwanza. Nimesaini.

Lala, mtani. Suruali zako sizitaki tena, nilikuwa natimiza desturi tu.

Kesho baada ya swala ya alasiri nakwenda Buguruni. Nakuahidi. Sitaingia na mbwembwe, sitaomba ushuru, nitavua viatu na kukaa chini. Nitamwambia Mama Asha habari ya karatasi, ya mihogo, ya goti lililouma kidogo. Akinifukuza, nitatoka. Na akidhani natania, nitarudia tena na tena mpaka aache kucheka.

Mtani wako,
Masanja