Namba ya Baiskeli Yako

Nkowe, Ijumaa

Baba,

Kesho fundi anasakafia kaburi lako. Mama anataka namba yako iandikwe kwenye saruji, 1,022,117, ile iliyogongwa kwenye fremu ya baiskeli. Mwandiko wangu ndio mzuri, kwa hiyo msumari nitaushika mimi. Mama hajui nilichokufanyia wodini.

Uliigawa miaka mitatu. Wewe unabangua korosho jamvini, mimi naandika. Kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 inabaki 8. Kwa 13 inabaki 5. Tulipofika 997 ikabaki 192, ukafunga daftari.

"Tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kama mimi."

Nilikuwa kidato cha pili. Nikasema, bado 1009, Baba. Namba imepita milioni, kipeuo chake cha pili kimepita elfu moja. Baba mdogo alikuwepo, na wageni wawili wa Marambo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Kipeuo! Jana kaunguza ugali, leo ananifundisha hesabu."

Likawa jina langu, hata sokoni. Nilipofaulu kidato cha nne ukasema, "Kipeuo kafika mwisho wake," nikabaki nyumbani.

Lakini 1009 sikuijaribu. Niliogopa. Ingebaki hata moja, ungekuwa umesema kweli juu yangu.

Jumanne ile, Nachingwea, ulikuwa umelala huwezi kushika kikombe, ukamwonyesha muuguzi daftari. "Namba yangu hii, dada. Tasa. Muulize Kipeuo, alitaka kunibishia."

Nikachukua kalamu. Nikaigawa kwa 1009, hesabu haikufika hata nusu ukurasa. Haikubaki kitu. 1009 mara 1013.

Nilikuwekea karatasi machoni, nikakusomea jibu. Midomo ikacheza, unazidisha. Ukasema, "Rudia." Nikarudia, kwa sauti, muuguzi akiwa pale pale. Ningeweza kusema nimekosea. Ulikuwa unanitazama unisaidie, nikaliona hilo, nikasoma jibu mara ya tatu.

Ukageukia ukutani. Hukuniita tena Kipeuo. Hukuniita chochote. Alhamisi ukafa.

Katika shajara yangu, Jumanne ina neno moja: Nimeshinda. Nimelitazama kila siku tangu tukuzike. Sijalifuta.

Baiskeli naendesha mimi sasa, naenda nayo Chinongwe. Kila nikiiegesha naiona ile namba. Zile mbili nazo nimezijaribu, kwa utaratibu ulionifundisha. 1009 haigawanyiki. 1013 haigawanyiki. Ungekuwa mtu mwingine, ningekuonyesha ukafurahi. Namba iliyojificha hivyo, inavunjika mahali pamoja tu, na pale pale ndipo ulipokataa kutazama.

Nimemwahidi Mama nitaandika namba yako. Sikumwahidi kuishia hapo. Saruji ikiwa bado mbichi, chini yake nitaandika 1009 × 1013. Akiniuliza, nitamwambia ni hesabu ya Baba, nimeimalizia.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi nitaiandika mara moja tu. Sitairudia.

Kipeuo