Sahihi ya Aliyeshinda

Machi 5

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimetulia?

Ulimsikia jaji juzi. Alisema mikono yake imefungwa na hukumu ya zamani inayomnyima binti aliyeolewa nyumba ya babake. Mahakama ya Rufani nayo imefungwa na hukumu hiyo hiyo. Huko nitakaa miaka mitatu nikaambiwe yale yale. Wakili wangu anasema sheria inaturuhusu kuiruka, twende moja kwa moja mahakama ya juu kabisa, ila lazima wewe uliyeshinda ukubali kwa maandishi. Jaji yu tayari kutoa kibali. Mwisho ni Aprili 4. Fomu hii hapa.

Daktari sasa ananitajia miezi, hanitajii miaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu, kaka. Andika lako.

Mdogo wako

Machi 21

Kaka,

Shikamoo tena. Mimi nipo, nimepungua kidogo tu.

Fomu imepotea, au umepotea wewe?

Mdogo wako

Aprili 3

Mpendwa dada yangu,

Marahaba, pamoja na salamu zangu zote za heshima. Nakuomba radhi kwa kuchelewa kukujibu, ingawa natambua kwamba radhi ni neno dogo mno kwa siku ishirini na tisa. Mimi ni mzima. Hilo nalo naliandika kwa haya.

Fomu haikupotea. Niliiweka chini ya kitambaa cha meza, na kila asubuhi nikatua kikombe cha chai juu yake. Kwa watu nilisema kwamba naisoma kwa makini. Jana niliilinganisha miezi ya daktari wako na miaka mitatu ya mahakama, na moyo wangu ukafurahi. Dada, ulifurahi kweli. Tangu hapo sijathubutu kuitazama picha ya marehemu wifi yako.

Nimetia sahihi. Huenda nikashindwa huko juu, nami naogopa, kwani sina paa jingine. Sikuombi msamaha. Nakuomba uishi hadi hukumu isomwe.

Barua hii na fomu vinaletwa na mwanangu, ambaye vyumba vyake viwili vya uani vimo katika nyumba hiyo. Nilimsomea yote, hata lile la kufurahi. Aliniuliza tu basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

Kaka yako