Simbilisi wa Mwenye Ng'ombe Hakojoi

Mpendwa mshauri Mama Wilhelmina, naomba msaada, na ukinisoma hewani asubuhi hii jina langu liache, sema tu mfugaji wa Mbingu, maana huku wananijua kwa ng'ombe, nimekuja nao kutoka kanda ya ziwa mpaka bonde hili, ila tangu nipasuliwe goti wadogo zangu ndio wanaochunga na mimi nashinda nyumbani na simbilisi, kale kanyama ka manyoya kadogo kuliko sungura, kasiko na mkia, naye ni dume, nikiburuta tu ndala zangu anapiga mluzi, na mimi, Mama, nimempenda, kukuandikia kwa simu siogopi ila kumwambia mtu usoni naona haya.

Nimemtunza nilivyojua, yaani kama ng'ombe, unga wa madini tunaowapa ng'ombe nilimchanganyia kwenye pumba kila siku apate mifupa, na maji nilimpa asubuhi mara moja nikaondoa kibakuli, kwa sababu kwetu mnyama hunyweshwa kwa saa yake, lakini wiki iliyopita nikaona mkojo wake ukikauka unaacha unga mweupe kama chokaa, juzi ukaja na damu, na tangu jana jioni anajikunja, anajikamua, analia, na hakitoki kitu, hata majani ameyaacha. Mke wangu Ester anasema, "Mpeleke Ifakara kwa daktari wa mifugo, baba, unamwonea aibu nani?" lakini daktari huyo ndiye anayenikuta joshoni na ng'ombe wangu, na rafiki yangu Zakayo alishaniuliza mbele za watu, "Mzee, siku hizi unachunga panya?" Sasa nimechemsha mizizi tunayowapa ndama waliovimba tumbo, je, nimpe kiasi gani?

Mfugaji, Mbingu

Baba, salamu tutapeana siku nyingine. Mizizi hiyo usimpe hata tone, imwage.

Kabla sijaingia hewani nimemuuliza mtaalamu wa mifugo tunayemtegemea hapa kituoni, na dalili zako zote anazijua. Ni mawe. Madini yakizidi na maji yakipungua, mkojo unakuwa mzito, ule unga unashikana mpaka unakuwa jiwe, na dume njia yake ni nyembamba, jiwe likikwama humo mkojo hauna pa kupita. Mnyama mdogo hivyo akimaliza siku nzima bila kukojoa anaweza kufa, tena kwa maumivu makali. Na wewe tangu jana jioni umekaa unapima Zakayo atasema nini.

Kwa madini na kibakuli sikugombezi sana, ulimlisha kwa ujuzi uliokuwa nao. Kwa aibu nakugombeza. Ester amekuambia ukweli ndani ya nyumba yako, ukaona bora uutafute redioni.

Usimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Vidonge vyako vya goti usimpe. Mlaze kwenye kikapu chenye nyasi, mfunike na kitenge, panda bodaboda, na Ester ampigie daktari simu sasa hivi ajiandae. Daktari akisema hana vifaa vya mnyama mdogo, awaulize wenzake wa Morogoro mkiwa bado na muda. Anaweza kuzibua, anaweza kupasua, na anaweza kukuambia umechelewa, lakini hilo likisemwa, aliseme yeye aliyemshika mkononi. Akipona, maji yawe mbele yake usiku na mchana, nyasi mbichi ziwe ndio chakula chake, na madini wabaki nayo ng'ombe.

Zakayo atacheka, mwache acheke. Mwanaume mwenye zizi zima anayeshindwa kubeba kikapu mbele za watu, basi ng'ombe ndio wanaomchunga yeye. Tena daktari anayekuona joshoni hatakushangaa, kazi yake ni wanyama na wewe unamletea mnyama.

Bado unanisikiliza? Zima redio, baba, uondoke.